Filamu ya Mapanki na Mkanganyiko wa Istilahi za Sinema katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo huchukulia kwamba kuona kunajitosheleza, na kwamba kilicho mbele ya macho hakihitaji maneno ya kukifafanua. Katika uwanja wa filamu, hata hivyo, jambo hilo si la kweli daima. Watu wawili wanaweza kutazama picha zile zile, zilizopigwa katika mji ambao wote wawili wanaufahamu, na kila mmoja akaondoka na lake. Wanapokutana kubishana, huweza kutumia neno moja kwa maana mbili bila kutambua kwamba hawabishani juu ya kitu kimoja.

Mfano ulio wazi unapatikana Mwanza. Msafiri anayefika huko kwa ndege hutua Ilemela, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Mwanza umo katika wilaya hiyo, kando ya Ziwa Victoria. Humo humo Ilemela umo mwalo wa Kirumba, unaojulikana katika Kanda ya Ziwa nzima kwa biashara ya samaki na dagaa. Katika uwanja huo wa ndege, na katika viwanda, mialo na mitaa ya Mwanza, ndiko Hubert Sauper, mwongozaji mzaliwa wa Austria, alikopiga picha za filamu yake iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoonyeshwa katika tamasha la Venice mwaka 2004. Mwaka 2006 filamu hiyo ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa, na mwaka huo huo ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nchini Tanzania iliibua mjadala mkali uliomhusisha Rais wa nchi, vyombo vya habari na wakazi wa Mwanza wenyewe.

Mhadhara huu haukusudii kuihukumu filamu hiyo wala kutetea upande wowote. Unakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya mjadala ule ilitatizwa na msamiati. Maneno yanayohusu filamu yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza kwa njia mbalimbali na kwa nyakati tofauti, na mengi yalifika yakiwa yamekwisha kuchanganywa au yalichanganyikiwa njiani. Katika mazungumzo ya kila siku mkanganyiko huo hauna madhara makubwa. Panapozuka shutuma dhidi ya mji, kiwanda au mtu, mkanganyiko huo huo huweza kumfanya shahidi aonekane mwigizaji, na dokezo lionekane kuwa tamko.

2.0 Filamu, sinema, picha na muvi

Kiingereza chenyewe kina maneno matatu ambayo wanafunzi huyachanganya: "film", "movie" na "cinema". La kwanza lilikuwa na maana ya utando mwembamba. Baadaye lilihamia kwenye ukanda uliopakwa dawa ya kunasa mwanga, kisha likaitaja kazi ya sanaa iliyohifadhiwa katika ukanda huo. La pili ni ufupisho wa usemi wenye maana ya picha inayotembea, nalo lilienea kutoka Marekani. La tatu linatokana na jina la mashine ya ndugu Lumière, walioonyesha picha zao mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Nchini Uingereza neno hilo hutaja jengo la maonyesho, na wakati huo huo hutaja sanaa nzima ya filamu.

Afrika Mashariki ilikutana na maneno hayo yakiwa bado hayajatulia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kikoloni wa majaribio ya filamu za elimu, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara. Katika jina rasmi la mradi huo neno la sinema liliandikwa kwa herufi k, "Kinema", jambo linaloonyesha kwamba hata wenye lugha walikuwa hawajakubaliana juu ya umbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu ya Tanzania, na mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka huo.

Katika mapito hayo Kiswahili kilijigawia maneno kwa namna yake. Sinema ikawa zaidi mahali pa kwenda na onyesho lenyewe. Picha likawa neno la mtaani, kama katika usemi "tulikwenda kuangalia picha". Mkanda lilitumika sana katika enzi ya kaseti za video, nalo lilitaja chombo na kilichomo ndani yake. Filamu lilibaki na heshima ya kiofisi na ya kisheria, huku likiendelea kuwa jina la ukanda unaotiwa katika kamera. Mwishowe likaja muvi, ambalo lilishamiri pamoja na filamu za Dar es Salaam za miaka ya 2000, zinazojulikana kama Bongo Muvi.

Kwa mintarafu hiyo, mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa. Kwanza, neno filamu kwa msemaji wa kawaida wa miaka ya 2000 lilisimama karibu sana na maigizo. Televisheni za binafsi zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na miongoni mwa vipindi vilivyopendwa mno ni michezo ya kuigiza. Hata jina la sheria ya 1976 linaziweka filamu na michezo ya kuigiza bega kwa bega, mithili ya ndugu wa tumbo moja. Pili, kwa kuwa neno hilo hilo lilitaja kila kazi ya picha zinazotembea, halikumwambia msikilizaji ni kazi ya namna gani. Kusema kwamba "kuna filamu juu ya Mwanza" kulikuwa ni kusema jambo ambalo lingeweza kueleweka kuwa hadithi ya kubuni, taarifa ya habari au uchunguzi.

3.0 Jinamizi au Mapanki?

Jina la filamu ni istilahi ya kwanza ambayo mtazamaji hukutana nayo. Jina la Kiingereza la filamu ya Sauper linaweza kutafsiriwa Jinamizi la Darwin. Msomaji wa Ulaya anapolisikia hufikiria nadharia ya Charles Darwin juu ya mageuko ya viumbe, na papo hapo hukumbuka habari za ziwa. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Samaki huyo mkubwa aliwala wenyeji wa ziwa, hususani aina nyingi za furu, ambao wataalamu wa elimu ya viumbe walikuwa wakiwachunguza Mwanza tangu miaka ya 1970 kama mfano adimu wa namna spishi zinavyochipuka. Jina hilo, basi, ni sitiari: mwenye nguvu humla mnyonge, majini na nchi kavu.

Tanzania haikulipokea jina hilo. Filamu ilijulikana kwa umma kama filamu ya Mapanki. Mapanki ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa kiwandani. Hukaushwa au kukaangwa, kisha huuzwa. Neno hilo halikuwa tafsiri ya jina la filamu. Lilichukuliwa kutoka katika sehemu moja ya filamu, ile iliyowagusa watu wengi zaidi, likapewa kazi ya kuitaja filamu nzima.

Badiliko hilo lilikuwa na matokeo. Nchini Ufaransa, filamu iliyoitwa Jinamizi ilijadiliwa zaidi kama kisa cha biashara ya dunia. Nchini Tanzania, filamu iliyoitwa Mapanki ilijadiliwa zaidi kama swali la chakula na heshima: je, ni kweli kwamba watu wa Mwanza wanakula mifupa huku minofu ikipelekwa ng'ambo? Wengi waliifahamu filamu hiyo kwa kusimuliwa na kwa kusoma magazeti kabla ya kuiona, na jina la mtaani ndilo lililowatangulia. Rais Jakaya Kikwete alipoizungumzia katika hotuba yake ya tarehe 31 Julai 2006, alikanusha madai kuhusu chakula na alikanusha pia dai kwamba ndege zinazochukua samaki huleta silaha. Sitiari ya Darwin haikuwa tena kiini cha mjadala. Pande mbili zilikuwa na filamu mbili zenye majina mawili, ingawa ukanda ulikuwa mmoja.

4.0 Hali halisi na makala

Neno lililoleta utata mkubwa zaidi ni "documentary". Linatokana na neno lenye maana ya hati, yaani maandishi yanayoweza kutolewa kama ushahidi. John Grierson, Mskochi aliyekuwa mhakiki na baadaye mtayarishaji wa filamu, alilitumia mwaka 1926 alipoandika juu ya filamu ya Robert Flaherty iitwayo Moana, na hapo ndipo lilipoanza kuenea. Grierson huyo huyo alieleza baadaye kwamba kazi ya namna hiyo ni kuushughulikia uhalisi kwa ubunifu. Ufafanuzi huo una nguzo mbili, uhalisi na ubunifu, na kuiondoa mojawapo ni kuiangusha nyumba. Flaherty mwenyewe, katika filamu yake ya mwaka 1922 juu ya Nanook, mwindaji wa kaskazini mwa Kanada, alipanga baadhi ya matukio ili kamera iyanase vizuri. Aina hii ya filamu, basi, haijapata kuwa kioo kitupu tangu kuzaliwa kwake.

Kiswahili kimejaribu visawe kadhaa. Wapo wanaolitohoa neno na kusema dokumentari. Wapo wasemao filamu ya hali halisi. Wapo pia, hususani katika redio na televisheni, wasemao makala. Visawe hivyo vitatu havina uzito sawa.

Kisawe filamu ya hali halisi kinaahidi zaidi ya kile ambacho istilahi ya asili inaahidi. Kinamwambia mtazamaji kwamba kilichomo ndani ndivyo hali ilivyo. Anayekubali ahadi hiyo hubaki na njia mbili tu: kuikubali filamu yote kuwa kweli, au, akigundua jambo moja lililopotoshwa, kuikataa yote kuwa uongo. Hakuna nafasi ya tatu. Ndiyo maana mjadala juu ya Mapanki ulielekea mara nyingi kuwa wa kweli au uongo, ilhali maswali yenye faida yalikuwa mengine: ni lipi lilinaswa na kamera, ni lipi lilitamkwa na mtu, na ni lipi lilihitimishwa na mtengenezaji?

Kisawe makala kina mwelekeo tofauti. Msomaji wa gazeti anafahamu kwamba makala ina mwandishi, na kwamba mwandishi amechagua mada, amechagua mashahidi na ana msimamo. Anafahamu pia kwamba makala haipaswi kubuni watu au matukio. Makala hujibiwa kwa makala: msomaji huweza kukubali takwimu na kukataa hitimisho. Kwa sababu hiyo, filamu ya makala ni istilahi inayobeba nguzo zote mbili za Grierson kwa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba neno makala limezoeleka kwa maandishi na kwa vipindi vifupi vya redio. Udhaifu huo, hata hivyo, hurekebishwa na matumizi, kama ilivyotokea kwa maneno mengi yaliyopanuliwa maana.

5.0 Mkurugenzi, mwongozaji, mtayarishaji na prodyuza

Jozi nyingine inayowatatiza wanafunzi ni "director" na "producer". La kwanza, katika lugha ya ofisi, hutafsiriwa mkurugenzi. Mwanafunzi anayelihamisha kisawe hicho hadi kwenye filamu hupata "mkurugenzi wa filamu", cheo kinachomfanya msikilizaji afikirie mtu mwenye meza, muhuri na katibu muhtasi. Katika filamu, mwenye jina hilo ndiye anayeamua kamera isimame wapi, tukio lianze na kuisha vipi, na kazi nzima iwe na sura gani. Kisawe kinachofaa ni mwongozaji, nacho kimekwisha kukubalika kwa wengi.

La pili lina matatizo zaidi. Katika muziki wa kizazi kipya, prodyuza ni fundi wa studio: ndiye anayetengeneza midundo, kurekodi sauti na kuupa wimbo ladha yake. Kijana aliyelizoea neno hilo katika muziki anapokutana nalo katika filamu hudhani kwamba linamtaja fundi mkuu. Katika filamu, anayetajwa ni yule anayetafuta fedha, kuajiri watu, kupata vibali na kuhakikisha kazi inakamilika na kuwafikia watazamaji. Istilahi mtayarishaji inamfaa, ingawa baadhi ya wasemaji huitumia kwa kila mtu aliyehusika na utengenezaji.

Tofauti hiyo si ya vyeo tu, kwani ni tofauti ya wajibu. Kuhusu filamu ya Mapanki, Sauper alikuwa mwongozaji na ndiye pia aliyeshika kamera. Utayarishaji, kwa upande wake, ulihusisha kampuni za Austria, Ufaransa na Ubelgiji. Anayeuliza "nani aliyeitengeneza?" anauliza maswali matatu kwa pumzi moja: nani alitoa fedha, nani aliamua iseme nini, na nani alisimama ufukweni akiwa na kamera? Kitenzi tengeneza kinayafunika yote matatu. Lugha isiyoyatenganisha maswali hayo humwelekezea mtu mmoja sifa zote au lawama zote, na huwaacha wengine wapite bila kuulizwa.

6.0 Mwigizaji, mhusika, mshiriki na steringi

Watazamaji wa Afrika Mashariki wana neno lao mashuhuri, steringi. Asili yake ni "starring", neno lililokuwa likiandikwa katika mabango na mwanzoni mwa filamu, kabla ya majina ya waigizaji wakuu. Kwa Kiingereza ni umbo la kitenzi. Kiswahili kililichukua likawa nomino yenye maana ya shujaa wa filamu, yule ambaye watazamaji hujihakikishia kwamba hafi. Mkabala wake ni adui. Mgawanyo huo wa steringi na adui ulikuzwa na filamu za mapigano kutoka Hong Kong, India na Marekani, nao ulikuwa kanuni ya kusoma filamu kwa vizazi kadhaa vya watazamaji.

Kanuni hiyo haifanyi kazi katika filamu ya makala. Ndani ya filamu ya Mapanki wamo mlinzi wa usiku, marubani, wavuvi, wamiliki wa viwanda, watoto wa mitaani na wanawake wa baa. Hakuna aliyepewa sehemu ya kukariri. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili anapotaka kuwataja kwa neno moja hujikuta na maneno mawili tu mdomoni: waigizaji au wahusika. La kwanza linatokana na kuiga. Kumwita mlinzi halisi mwigizaji ni kusema kwamba hayo aliyoyatamka si yake, na kwamba alitumwa kuyatamka. La pili, mhusika, katika taaluma ya fasihi ni kiumbe cha mtunzi, ingawa katika lugha ya kawaida ni mtu yeyote ambaye jambo linamgusa.

Madhara ya mkanganyiko huo huwapata watu wenyewe. Filamu ya kubuni ikiisha, mwigizaji huvua mavazi na kurudi nyumbani. Aliyeonekana katika filamu ya makala hurudi nyumbani akiwa ni yule yule, mwenye jina lile lile, katika mtaa ule ule, na maneno yake yakimfuata. Agosti 2006 mwandishi wa habari mmoja aliyehojiwa ndani ya filamu hiyo alikamatwa. Hakuwa mhusika wa hadithi ambaye angeweza kusema kwamba maneno yale yalitungwa na mwingine. Alikuwa mtu aliyetoa maelezo, na alipaswa kuulizwa juu ya usahihi wa maelezo hayo kama anavyoulizwa mtoa maelezo yeyote. Kwa watu wa namna hiyo istilahi mshiriki inafaa zaidi: haiwafanyi viumbe wa mtunzi, wala haiwafanyi waigaji.

Hata nje ya Tanzania, mstari kati ya kuigiza na kutoigiza ulifikishwa mahakamani. Mwanahistoria wa Kifaransa François Garçon aliikosoa filamu hiyo katika jarida na katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, na miongoni mwa aliyoyasema ni kwamba watoto walilipwa ili waigize baadhi ya matukio. Sauper alimshtaki kwa kashfa. Mwaka 2008 mahakama mjini Paris ilimtia hatiani mwanahistoria huyo, na hukumu hiyo ikathibitishwa katika rufaa mwaka 2009. Shauri hilo linafundisha kwamba neno kuigiza, likisemwa juu ya filamu ya makala, ni shutuma. Anayelitumia anapaswa kufahamu kwamba analitumia.

7.0 Uhariri na picha isiyokuwa na "tu"

Istilahi ya mwisho inayostahili kuchunguzwa ni uhariri, kisawe cha "editing". Katika magazeti na vitabu, mhariri husahihisha, hupunguza na hunyoosha kazi iliyokwisha kuandikwa na mwingine. Neno hilo linapohamishiwa kwenye filamu huleta picha ya usafishaji: kuondoa mikwaruzo, kukata yasiyofaa. Wanafunzi wengi hudhani kwamba maana ya filamu imekamilika siku kamera inapozimwa, na kwamba uhariri ni kuipiga pasi.

Ukweli ni kinyume chake. Mwanafilamu wa Urusi Lev Kuleshov alionyesha karne moja iliyopita kwamba sura moja ile ile ya mwigizaji, isiyobadilika, huonekana yenye njaa ikifuatwa na picha ya bakuli la supu, na yenye huzuni ikifuatwa na picha ya jeneza. Maana ilizaliwa katika kiungo kati ya picha mbili, wala haikuwa ndani ya picha yoyote kati ya hizo. Kwa lugha ya sarufi, picha ni kama neno na uhariri ni sintaksia. Anayehariri filamu anatunga sentensi.

Filamu ya Mapanki haina msimulizi anayesikika akieleza tangu mwanzo hadi mwisho. Ina maandishi machache ya ufafanuzi, sauti za washiriki na mpangilio wa picha. Ndani yake rubani mmoja anasimulia safari zake za nyuma: alipeleka mizigo ya kivita Angola, kisha akachukua zabibu Johannesburg kuzipeleka Ulaya. Masimulizi hayo yanahusu Angola. Yanapowekwa katika filamu ambayo ndege za mizigo hutua na kuruka Mwanza tena na tena, mtazamaji hutunga sentensi yake mwenyewe kuhusu Mwanza. Washiriki wengine wanazungumzia silaha waziwazi, na hayo yanapaswa kupimwa kama matamshi yao. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya filamu inatokana na kile ambacho hakuna anayekitamka. Anayesema "filamu imesema" na anayejibu "filamu haikusema popote" wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa kuwa wa kwanza anasoma sintaksia na wa pili anahesabu maneno.

Jambo hilo linaonekana hata zaidi katika suala la chakula. Lugha ina maneno madogo yenye kazi kubwa: tu, baadhi, kila, wengi, mara nyingi. Sentensi "watu wanakula mapanki" si sawa na "watu wanakula mapanki tu", wala si sawa na "baadhi ya watu wanakula mapanki". Picha haina maneno hayo. Kamera inapomwonyesha mwanamke akianika mapanki juani, haiwezi peke yake kusema kama huyo ni mmoja kati ya kumi au kati ya elfu. Mtazamaji wa mbali, asiyepata kuona sato akikaangwa au dagaa wakianikwa katika mialo ya Ilemela, huongeza neno tu bila kujijua. Mkazi wa Kirumba huongeza neno baadhi, kwa kuwa anaujua mji wake. Kisha wote wawili hushangaa kwa nini wenzao hawaoni yaliyo wazi.

8.0 Hitimisho

Hoja ya mhadhara huu si kwamba istilahi bora zingeweza kuzuia mgogoro wa mwaka 2006. Yalikuwapo masilahi ya biashara ya samaki, sifa ya nchi, umaskini ulio dhahiri na uhuru wa habari, na mambo hayo hayatatuliwi na kamusi. Hoja ni kwamba watu wanaobishana juu ya mambo mazito wanastahili maneno yanayowawezesha kubishana juu ya jambo moja.

Kwa muhtasari, yapo mapendekezo manne. Kwanza, filamu libaki kuwa neno mama la kila kazi ya picha zinazotembea, lakini katika maandishi ya kitaaluma na ya habari lifuatwe na sifa yake: filamu ya kubuni au filamu ya makala. Sinema liachiwe sanaa kwa ujumla wake na mahali pa maonyesho, na muvi libaki katika mazungumzo, ambako limekwisha kujijengea nyumba. Pili, mwongozaji na mtayarishaji wasichanganywe, wala mkurugenzi na prodyuza wasiingizwe katika filamu bila kubainisha kazi zao. Tatu, mwigizaji na mhusika watumike kwa filamu za kubuni, na mshiriki kwa mtu halisi anayejitokeza katika filamu ya makala. Nne, uhariri wa filamu ufundishwe kama utungaji, ili mwanafunzi azoee kuuliza si "picha hii ni ya kweli?" pekee, bali pia "picha hii imewekwa baada ya ipi, na kwa nini?"

Mapendekezo hayo yana uzito zaidi leo kuliko mwaka 2006. Wakati ule, mtu aliyetaka kuupiga picha mji wa Mwanza na kuuonyesha kwa dunia alihitaji kamera, fedha na kampuni za nchi tatu. Leo mwanafunzi wa Buswelu au Pasiansi anaweza kufanya hivyo kwa simu yake kabla jua halijazama, akapiga picha, akaongoza, akatayarisha na kuhariri peke yake, kisha akawaonyesha majirani zake kwa watu asiowajua. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na taasisi za lugha katika vyuo vikuu zina kazi ya kuziratibu istilahi hizo. Lakini istilahi haziishi katika orodha. Huishi pale mtu anapomwuliza mwenzake, kabla ya kukasirika au kushangilia: hiyo ni filamu ya namna gani, nani ameiongoza, na huyu anayezungumza ni nani? Mwenye macho haambiwi tazama, ni kweli. Lakini akisha kutazama, anahitaji maneno ya kusema alichokiona.